Video Zisizoitwa na Mfuko wa Jamaa



Mgeni mwenye adabu hupiga hodi. Husimama nje, hungoja sauti ya mwenye nyumba, na asipokaribishwa huenda zake. Lakini siku hizi yuko mgeni aingiaye nyumbani mwetu bila hodi, akaanza kusema na kucheza mbele ya watoto, kisha akala akiba ya baba bila kuomba. Mgeni huyo ni video ya intaneti inayojianzisha yenyewe. Mtu amefungua ukurasa apate kusoma habari ya mtihani au bei ya mahindi, na mara picha zinaanza kwenda. Hakuzibonyeza wala hakuzitaka. Hata hivyo amezilipia.

Juma hili yafaa tulizungumze jambo hilo, maana katika mji wetu wa Kalemie si neno dogo. Watu walio wengi hapa hawana waya wa intaneti nyumbani. Hununua mega kwa simu, leo za siku moja, kesho za juma moja, kadiri mkono ulivyopata. Kwa mega hizo mwanafunzi hutafuta somo lake, mama hupata habari za mgonjwa aliyeko Lubumbashi, na mfanyabiashara hujulishwa kama mashua imekwisha kutoka Moba. Zikiisha kabla ya wakati, kinachopungua ni haja ya nyumba, wala si mchezo tu.

Nimesikia wazazi wengi wakilaumu: «Nimenunua mega asubuhi, na jioni hakuna kitu. Wameniibia!» Pengine lawama hiyo ina haki yake. Lakini mara nyingi mwizi yumo ndani ya simu yenyewe, na mlango aliopitia twaweza kuufunga kwa mikono yetu. Tuuangalie basi.

Uzito wa video

Kwanza tujue kitu kinachopimwa. Maandiko ni mepesi sana. Safu kama hii mnayoisoma ina herufi zipatazo elfu kumi na tatu, na kila herufi huchukua kipimo kimoja kiitwacho baiti. Megabaiti moja, ambayo ndiyo mega tunayoinunua, ni baiti milioni moja. Kwa hiyo mega moja yatosha kubeba safu zaidi ya sabini za namna hii.

Video ni kinyume chake. Ni picha nyingi zinazofuatana upesi, kwa kawaida 25 au 30 katika kila sekunde moja, pamoja na sauti. Mafundi wamebuni njia za kuzibana zisiwe nzito kupita kiasi, lakini bado ni mzigo. Video ikienda kwa mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, hula megabaiti 7 na nusu kwa dakika moja, maana biti 8 hufanya baiti 1. Kwa saa moja ni mega 450. Wanafunzi na wazipige hesabu hizo wenyewe katika daftari zao, nao wataona ya kuwa ni kweli.

Tena uzito huo hutegemea ukubwa wa picha. Katika YouTube mtu huona namba kama 144, 240, 360, 480, 720 na 1080. Namba hizo ni hesabu ya mistari ya picha kutoka juu hata chini. Picha ya 360 ina nukta 640 kwa 360, yaani 230,400. Picha ya 720 ina nukta 1280 kwa 720, yaani 921,600. Namba imeongezeka mara mbili, lakini nukta zimeongezeka mara nne! Ndiyo sababu mtu aliyepandisha picha kidogo tu hushangaa kuona mega zake zimeyeyuka.

Lakini macho yanafaidika nini? Kwenye kioo kidogo cha simu, somo la mwalimu anayeandika ubaoni kwa herufi kubwa laonekana vema kwa 360. Hotuba ya mtu aliyeketi hutosha kwa 144, maana kinachotafutwa ni sauti yake.

Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Usipochagua namba mwenyewe, programu hukuchagulia. Video hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache, na kabla ya kila kipande programu hupima nguvu ya mtandao. Mtandao ukiwa dhaifu, huleta kipande chepesi. Ukiwa na nguvu, huleta kizito. Kwa hiyo siku ile mtandao wa Kalemie ulipo mzuri, na mtu anafurahi kwamba video haikwami, siku hiyohiyo ndiyo mega zinakwenda mbio kuliko siku zote. Tena programu huvuta vipande vya mbele kabla hujavifikia. Ukiifunga video katikati, vile vipande vilivyokwisha kufika umevilipia, ingawa hukuvitazama.

Kwa nini hujianzisha?

Zamani ukurasa wa intaneti haukuweza kuonyesha video bila programu ya pembeni, na iliyoenea zaidi iliitwa Flash. Kampuni ya Adobe iliacha kuitegemeza mwisho wa mwaka 2020. Kabla ya hapo, mwaka 2014, kanuni mpya za kuandika kurasa zilikwisha kupitishwa, ambazo zaruhusu video kukaa ndani ya ukurasa kama picha ya kawaida. Fundi anayetengeneza ukurasa huandika humo amri fupi: video ingoje ibonyezwe, au ijianzishe; iwe na sauti, au iwe bubu; ivutwe mapema, au isivutwe mpaka itakapotakiwa. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, huzisoma amri hizo na kuzitii, isipokuwa mwenye simu amekikataza.

Na fundi huamriwa na nani aandike «jianzishe»? Mara nyingi ni biashara ya matangazo. Mwenye ukurasa hulipwa kadiri watu wanavyotazama. Facebook ilianza kuzifanya video zijianzishe zenyewe mwaka 2013, nayo ilihesabu sekunde 3 kuwa mtazamo mmoja. Mtu aliyekuwa akipitisha kidole tu, akakawia kidogo, aliandikwa kuwa mtazamaji. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili hesabu yake ya wastani wa muda wa kutazama ilikuwa imezidishwa. Watangazaji wa Marekani walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 40 ili kesi iishe.

Angalieni sasa. Watangazaji walikuwa na wanasheria, wakarudishiwa kitu. Mama wa Kalemie ambaye mega zake zilitumika kuzivuta video hizo hakuandikwa katika kesi yoyote. Hakuna atakayemlindia mfuko wake asipojilinda mwenyewe.

Namna ya kufunga mlango

Kelele ya watumiaji ilisikiwa. Mwaka 2017 Apple iliweka katika Safari ya kompyuta zake uwezo wa kuzuia video zenye sauti zisijianzishe. Google ilifuata Aprili 2018 kwa Chrome ya toleo la 66, na Firefox Machi 2019, nayo kwa bahati toleo lake lilikuwa la 66 vilevile. Lakini tusidanganyike. Kwa kawaida kilichozuiwa ni sauti. Video iliyo bubu huachwa ipite, na video bubu yala mega karibu sawa na yenye sauti, kwa sababu uzito mwingi umo katika picha. Ukimya wa simu si dalili ya akiba.

Basi mtu afanye nini? Simu nyingi za kwetu husema Kifaransa, kwa hiyo nitayataja maneno jinsi yanavyoonekana.

Anayetumia Firefox katika simu ya Android afungue «Paramètres», aende mahali pa ruhusa za kurasa, atafute «Lecture automatique». Hapo atapewa njia kadhaa: kuruhusu yote, kuzuia sauti tu, kuzuia sauti na picha wakati simu inapotumia mega za kununua, au kuzuia vyote siku zote. Njia ya tatu yafaa kwa nyumba nyingi za hapa, maana huilinda akiba njiani na nyumbani, wala haimsumbui mtu anapokuwa kwenye Wi-Fi ya shule au ya ofisi. Kwenye kompyuta, Firefox imempa mtumiaji uwezo wa kuzuia video zote, hata zilizo bubu, tangu Septemba 2019.

Anayetumia Chrome na ajue ya kuwa kivinjari hicho huiacha video bubu ijianzishe. Tena asitafute ule msaada wa zamani wa kubana data ambao watu bado huutaja, maana Google iliuondoa mwaka 2022. Opera Mini ni ya namna nyingine: ukurasa hupitia kwanza katika mitambo ya kampuni, hubanwa humo, ndipo hutumwa kwenye simu ukiwa mwepesi. Kwa kusoma habari ni msaada mkubwa.

Katika Facebook nako kuna «Lecture automatique» ndani ya «Paramètres». Chagueni video zisijianzishe kamwe, au zijianzishe kwa Wi-Fi tu. Katika YouTube, video ikiwa imefunguka, bonyezeni «Qualité» na kuchagua namba ndogo kwa mkono wenu.

WhatsApp si kivinjari, lakini imo katika karibu kila simu, kwa hiyo siwezi kuipita. Humo mtu huweza kuchagua ni vitu gani vijipakue vyenyewe: picha, sauti, video au hati. Huchagua mara tatu: anapotumia mega, anapokuwa kwenye Wi-Fi, na anapokuwa ugenini. Hilo la ugenini liwaamshe wafanyabiashara wetu wanaovuka ziwa kwenda Kigoma, kwani kutumia laini ya huku katika nchi ya kule huweza kuwa na gharama kubwa.

Kutazama mara kumi, kupakua mara moja

Watu wengi huogopa neno «kupakua», wakidhani ndilo linalokula mega, na kwamba kutazama tu hakuna gharama kubwa. Sivyo. Kutazama nako ni kupakua, ila mtu hutupa alichokipata. Akitaka kukiona tena kesho, kwa kawaida hukinunua tena.

Tufikiri juu ya mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari anayejitayarisha kwa Mtihani wa Taifa. Amepata somo la hesabu la dakika 10, lenye mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde. Kulitazama mara moja ni mega 75. Asipolielewa upesi akalitazama mara nne, ni mega 300. Wenzake wanne wakifanya vivyo hivyo, wote watano wametumia mega 1,500 kwa somo moja. Lakini kama mmoja wao angelipakua mara moja tu na kuwapa wenzake kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu, wote wangelitazama hata mara mia kwa zile mega 75 za kwanza. Ujamaa wa namna hii wafaa shuleni kuliko ule wa kuazimana majibu!

Ni kweli si kila video huruhusiwa kupakuliwa. YouTube, kwa mfano, hukataza kuzichukua video zake kwa njia nyingine isipokuwa ile iliyowekwa na yenyewe au kwa idhini, na kazi ya mtu ni mali yake. Lakini ziko nyingi zilizotolewa bure na wenyewe. Hazina ya Wikimedia Commons ina picha na video ambazo ruhusa yake imeandikwa wazi. Programu iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, humwezesha mtu kuweka Wikipedia na maktaba nyingine ndani ya simu au kompyuta, na kuzisoma bila intaneti kabisa. Shule ikiipakua mara moja mahali penye Wi-Fi, darasa zima litafaidika.

Shida nyingine ya kwetu ni kukatika. Umeme wa Bendera unazimika, au mtandao unaanguka, na faili iliyokuwa imefika nusu inasimama. Je, yote yamepotea? Si lazima. Kanuni za intaneti tangu mwaka 1997 zimeruhusu kivinjari kuomba sehemu tu ya faili: «Nipe kuanzia hapa nilipoachia.» Mtambo unaotoa faili ukiikubali kanuni hiyo, kazi huendelea pale pale. Usipoikubali, mtu hurudi mwanzo na kulipa tena. Kwa hiyo kupakua kukikwama msifute upesi. Fungueni orodha ya vitu vinavyopakuliwa, mkajaribu kwanza kuendeleza.

Jihadharini pia na kurasa zinazojaa vitufe vikubwa vya kijani vyenye neno «Télécharger». Mara nyingi hivyo ni matangazo, na pengine ni mitego. Mtu aliyetaka video akiletewa programu ya kuweka katika simu, aifute bila kuifungua. Jina la faili ya video mara nyingi huishia na mp4. Likiishia na apk, hiyo ni programu.

Tena kitu kilichohifadhiwa hubaki hata intaneti ikiondoka. Siku moja baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti katika nchi yetu nzima, nayo haikurudi ila baada ya siku zipatazo 20, mwezi wa Januari 2019. Siku hizo mwalimu aliyekuwa na masomo yake ndani ya kompyuta aliweza kuendelea. Aliyezoea kuyatazama moja kwa moja alibaki na kioo kitupu.

Nani achague kinachofuata?

Nimesema juu ya mfuko. Lakini wazazi, kuna jambo zito kuliko mfuko. Tangu mwaka 2015 YouTube huendelea yenyewe: video moja ikiisha, nyingine huanza. Ile inayofuata huchaguliwa na hesabu za mtambo, na hesabu hizo hutafuta kitu kimoja zaidi ya vyote, yaani mtazamaji asiondoke. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba kwa vijana wa miaka 13 hata 17 kujiendeleza huko kutazimwa tangu mwanzo, mpaka mwenyewe akuwashe. Ni neno jema. Lakini watoto wetu hutumia simu ya nani? Hutumia simu ya baba, nayo imeandikwa jina na umri wa baba. Mtambo humwona mtu mzima wa miaka arobaini, kumbe aliyeishika ni mtoto wa miaka minane aliyeketi mkekani. Kwa hiyo kinga iliyowekwa kwa ajili ya vijana haimfikii.

Hivyo mtoto anaanza na wimbo wa kujifunza kuhesabu. Baada ya nusu saa yuko mbali, katika mambo ambayo yeye hakuyachagua, wala baba hakuyachagua, wala mwalimu. Hakuna aliyemwonyesha kwa nia mbaya. Hakuna aliyemwonyesha hata kidogo! Na hilo ndilo la kuogofya: kulea bila mlezi.

Wengine watasema, «Basi, watoto wanyimwe simu kabisa.» Siwaungi mkono. Mtoto wa mjini na mtoto wa Nyunzu wote watafanya kazi na vyombo hivi watakapokuwa wakubwa, na yafaa wajifunze mapema ya kuwa chombo hutii. Zimeni kile kitufe kidogo cha kuendeleza, kisha mfundisheni mtoto kuchagua video moja, kuitazama, na kusimama. Aombe ya pili kwa mdomo wake. Mtoto anayeweza kusema «imetosha» mbele ya kioo ataweza kuyasema maneno hayo mahali pengine pia.

Kazi ya jioni moja

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nawaomba mfanye kazi ndogo Jumapili hii baada ya chakula. Baba au mama na akae na simu, na mwanafunzi wa nyumba ashike daftari. Fungueni mahali ambapo simu huandika matumizi ya data, ambapo kila programu ina hesabu yake. Andikeni namba zilizopo. Kisha funge milango tuliyoitaja: kivinjari, Facebook, WhatsApp na YouTube. Baada ya siku saba, tazameni tena mkalinganishe hesabu hizo mbili.

Mkiona akiba imebaki, shaurianeni pamoja itumike kwa nini. Labda ni somo la hesabu, labda ni kumwona kwa simu bibi aliye Kabalo ambaye hajapata kuiona sura ya mjukuu wake. Video hiyo nayo itakula mega, na ile kweli, lakini itakuwa imeitwa na wenye nyumba.